Nani Kasema Kumhurumia Mnyama ni Uzungu?

Mtu mzima akisema mezani kwamba hali nyama, na kwamba sababu yake ni kutotaka mnyama achinjwe kwa ajili yake, hukumu hutoka kabla sahani haijajaa: huo ni uzungu. Nimeisikia kwa wajomba zangu, kwa wafanyakazi wenzangu, kwa shehe mwenye elimu yake na kwa mchungaji wa mtaani. Hudaiwa kwamba Mwafrika ni mla nyama tangu asili, kwamba kuiacha ni kuiga watu walioshiba wasioijua njaa, na kwamba mwacha mila ni mtumwa. Hukumu hiyo inapendwa kwa sababu inafunga mazungumzo bila mtu kuulizwa lolote kuhusu mnyama mwenyewe. Naipinga, na nitaanza na hayo madai ya mila, maana ndiyo yanayowatisha wengi.

Mila ipi? Mpare alikula makande. Mgogo alikula mlenda kwa ugali wa uwele au mtama. Mgikuyu alikula githeri, na mzazi alipikiwa njahi. Huku pwani kuna mbaazi za nazi, kisamvu, kunde, choroko, bamia, mchicha, na futari ya mihogo. Hata Mchagga, anayesifika kwa ndafu na kisusio, siku nyingi za mwaka alishiba ndizi na maharage. Nyama ilikuwepo, sikatai, lakini kwa wakulima ilikuja na jambo: tambiko, arusi, mgeni mkubwa, msiba. Ng'ombe na mbuzi walikuwa akiba ya nyumba, mahari ya vijana na fidia ya makosa. Hakuna mzee mwenye busara aliyechinja akiba yake ili apate kitoweo cha Jumanne. Desturi ya kula nyama kila siku, asubuhi supu, mchana wali nyama na usiku mishikaki, ni desturi ya mjini na ya mwenye mshahara. Haina umri wa kuitwa mila.

Tena kukataa kula kiumbe fulani kwa sababu ya imani, au kwa sababu ya uhusiano wa mtu na kiumbe hicho, ni jambo la kale sana hapa kwetu. Muganda wa ukoo wa Mmamba hali kamongo, kwa kuwa kamongo ndiye mwiko wa ukoo wake. Wamaasai wa zamani hawakula samaki wala ndege, na wanyama wa porini waliwaacha wapite. Hakuna aliyewaambia kwamba wameiga Ulaya. Zilikuwepo pia miiko ya dhuluma: kwa Waganda, kama ilivyokuwa kwa jamii nyingine nyingi, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala yai, na hadi leo zipo nyumba ambako firigisi ni ya baba, na mtoto wa kike hujifunza mapema kuipisha. Nayataja hayo kwa sababu wanaoililia mila ya nyama wanasahau kwamba nyama hiyo haikuwa ya wote. Ilikuwa kipimo cha cheo. Na nadhani hapo ndipo ukali wa hukumu unapotoka: anayeikataa nyama anaonekana ameikataa heshima aliyopewa, na aliyempa anaumia. Hilo nitalirudia, kwa sababu lina uzito kuliko madai ya asili.

Kama asili ya kitu ndiyo inayoamua kama tukipokee, basi tuanze kutoa vyombo mezani. Mahindi na mihogo vilitoka bara la Amerika. Chapati, sambusa, bajia na biriani vilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na leo Idi haikamiliki bila hivyo. Tumevipokea vyote, tukavitia nazi na pilipili yetu, na hakuna aliyeitwa mtumwa. Lakini familia za Wajaini na za Waswaminarayan, ambazo nyingi zimeishi Mombasa, Zanzibar, Nairobi na Dar es Salaam kwa vizazi kadhaa bila kugusa nyama, bado huambiwa kwamba jambo lao ni la Kihindi na halituhusu. Tulijifunza kwao kukanda unga. Ajabu gani tukijifunza kwao na kuuzuia mkono?

Wala si kwao tu. Karibu miaka elfu moja iliyopita, huko Ma'arrat al-Nu'man katika Shamu, aliishi mshairi kipofu Abu al-Ala al-Ma'arri, aliyezaliwa mwaka 973 na kufariki 1057. Aliacha nyama, samaki, mayai, maziwa na hata asali, kwa hoja kwamba si haki kuwadhulumu viumbe kwa kuwanyang'anya uhai, watoto na kazi yao. Mwanachuoni mkubwa wa Kifatimi, al-Mu'ayyad fi'l-Din al-Shirazi, aliandikiana naye barua za kumhoji juu ya jambo hilo. Kwa hiyo malumbano haya yalifanyika kwa Kiarabu, baina ya wasomi, karne nyingi kabla meli ya Vasco da Gama haijaiona Malindi. Na hapa jirani Ethiopia, Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, na kwa siku 55 kabla ya Pasaka. Wao hufunga kwa toba zaidi kuliko kwa huruma ya mnyama, na sitawasingizia nia nyingine. Lakini wamejenga jiko zima la dengu, shiro na mboga za majani, na taifa lao halijafa kwa hilo. Upareni Wasabato wapo tangu 1903, na wengi katika kanisa hilo wanashauriwa kuacha nyama kwa ajili ya afya. Mpare asiyekula nyama ana zaidi ya miaka mia ya majirani wa namna hiyo.

Sasa tuangalie kilicho kigeni kweli. Kuku wa nyama anayefugwa kwenye mabanda ya Kibaha, Mbagala na Kiambu ni mbegu ya Cobb au Ross, iliyotengenezwa na makampuni yenye asili ya Marekani na Uskoti. Amezalishwa ili anenepe kwa haraka kiasi kwamba huuzwa akiwa na wiki tano au sita, bado ni kifaranga kwa umri, na wengi wao miguu hushindwa kubeba kifua chao. Kuku wa kienyeji wa bibi, akiachwa, huishi miaka. Katika sehemu kubwa ya biashara ya mayai duniani vifaranga dume huuawa siku ileile ya kutotolewa, kwa kuwa hawatagi wala hawana faida ya nyama. Vizimba vya nyaya ambavyo Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku kuanzia mwaka 2012, ambamo kuku hupewa eneo dogo kuliko karatasi ya A4, ndivyo vinavyotangazwa leo kwa wafugaji wetu kuwa maendeleo. Anayetafuta uzungu kwenye sahani, autafute hapo.

Hata imani kwamba Mwafrika bila nyama ni dhaifu ina historia yake. Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha utafiti wa Boyd Orr na Gilks uliowalinganisha Wamaasai na Wagikuyu wa Kenya. Wamaasai, wenye maziwa, nyama na damu, walionekana warefu na wenye nguvu. Wagikuyu, wenye nafaka na viazi, walionekana wanyonge. Lakini Wagikuyu hao walikuwa wamekwisha kunyang'anywa sehemu ya ardhi yao, wamesongamana kwenye maeneo waliyotengewa, na vijana wao wanafanya kazi za mashamba ya walowezi. Kumpima mtu aliyenyang'anywa shamba, kisha kulaumu nafaka na viazi vyake, ni uonevu.

Fikra hiyo haijaondoka. Kwa miaka mingi hotuba za Wizara ya Mifugo ya Tanzania zimerudia kwamba Mtanzania hula wastani wa kilo 15 za nyama kwa mwaka wakati kiwango kinachotakiwa ni kilo 50. Kilo 50 kwa mwaka ni gramu 137 kwa siku, kila siku, kwa mtoto na mzee. Mwaka 2019 Tume ya EAT-Lancet, yenye wanasayansi 37 kutoka nchi 16, ilipendekeza mlo wenye takriban gramu 14 za nyama nyekundu na gramu 29 za kuku kwa siku. Jumlisha, zidisha kwa siku za mwaka: unapata kilo zisizofika 16. Yaani tunahimizwa kukimbia kutoka pale ambapo wengine wanashauriwa wafike. Na ilikuwa mwaka 2015 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani alipoziweka soseji na nyama nyingine zilizosindikwa katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Lakini mimi sikuacha nyama kwa ajili ya afya, na sitaki kujificha nyuma ya daktari. Niliacha kwa sababu mnyama anaumia, na kwa sababu mimi, niishiye mjini penye soko la mboga kila mtaa, simhitaji afe ili niishi. Hoja yangu ni hiyo tu. Anayetaka kunipinga anionyeshe kwamba mnyama haumii, au kwamba kuna ulazima. Kuniambia nimeiga nani si jibu.

Kwamba anaumia, sheria yetu inakubali. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka anayeitekeleza atambue kuwa mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Kila aliyesimama kando ya barabara ya Pugu anajua hivyo bila kusoma sheria: ng'ombe waliosafirishwa kutoka Shinyanga na Dodoma wamebanana kwenye lori, aliyeanguka anakanyagwa, na ili ainuke husokotwa mkia. Kuku hufungwa miguu wakaning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa pikipiki, jua la saa saba juu yao, mdomo wazi. Anayewabeba si mtu katili. Ana familia na hesabu ya siku. Anafanya tunachomlipa akifanye, na kwa kasi tunayoidai. Ndiyo maana lawama naiweka kwa mlaji, ambaye anaweza kuacha leo bila kukosa riziki.

Tusidanganyane pia kwamba watu wetu hawana moyo huo. Machinjio ya punda yalipofunguliwa Kenya kwa ajili ya kuuza ngozi China, wenye punda walilalamika hadi serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, ingawa mahakama ilitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata. Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapitisha zuio la miaka 15 kwa biashara ya ngozi za punda barani kote. Wizi wa punda na riziki za watu ndizo zilikuwa sababu kubwa, nakubali. Lakini wengi walisema wazi kwamba mnyama aliyewabebea maji na kuni hastahili kuishia vile. Hawakuhitaji Mzungu awafundishe kusema hivyo, na hakuna aliyewacheka.

Wenye dini hunijibu kwamba Mungu ametuhalalishia. Ni kweli, na sijamharamishia mtu alichohalalishiwa. Halali ni ruhusa. Hakuna anayepata dhambi kwa kula maharage. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, udhia wa Idi ni sunna iliyotiliwa mkazo, na mwenye kuitekeleza anaweza kuigawa nyama yote kwa mafukara. Tena Mtume mwenyewe aliamuru kisu kinolewe na mnyama astareheshwe wakati wa kuchinjwa. Sielewi amri hiyo inatimizwaje pale kuku mia tatu wanaposubiri mstarini wakiwaona wenzao. Kwa Mkristo, kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, kinatoa mimea na matunda kuwa chakula cha mwanadamu. Ruhusa ya nyama inakuja sura ya tisa, baada ya gharika. Anayechagua kuishi karibu na sura ya kwanza hajaasi.

Nirudi kwenye heshima, maana maisha ya kila siku ya asiyekula nyama huumia hapo. Njaa si tatizo. Kwa mama lishe naomba wali maharage, yanakuja yamemwagiwa mchuzi wa nyama juu, na nikisema, naambiwa, "Mchuzi tu huo mwanangu, nyama nimeitoa." Mchicha una dagaa ndani. Upawa mmoja unazunguka sufuria zote. Haya yanamalizika kwa kuzoeana; mama lishe akishakujua, anakutengea mapema na anakutetea kwa wateja wengine. Ukweni ni kugumu zaidi. Jogoo ameshachinjwa kwa heshima yako, mama mkwe amesimama mlangoni kuona unavyokula, na wewe unasema huli. Hakuna hoja ya falsafa inayofaa pale. Dawa ni kusema mapema, kabla ya safari, kupitia mshenga au shemeji, kwa upole, na kuomba kile wanachokipika vizuri zaidi wao wenyewe. Kijana anayengoja jogoo achinjwe ndipo atangaze msimamo wake amewakosea wenyeji, na amemkosea hata jogoo.

Na jamii nayo ina wajibu, kwa kuwa jambo hili tumeshalizoea kwa sura nyingine. Katika shughuli zetu za mchanganyiko huitwa Mwislamu achinje ili wote waweze kula. Nguruwe hapikwi kwenye arusi ya majirani wa dini zote. Mwenye mzio wa samaki huulizwa. Watu wazima wa mtaa hufanya hivyo bila kikao wala kelele, kwa kuwa wanajua shughuli ni ya watu kabla ya kuwa ya chakula. Kwa nini anayesema "mimi sili nyama kwa ajili ya dhamiri yangu" ndiye pekee wa kuchekwa? Dhamiri ya mtu wa dini tunaitengea sufuria. Dhamiri ya huyu inahitaji bakuli moja la mbaazi.

Mama zetu huogopa damu kupungua, na hofu yao inastahili jibu la kweli. Maharage makavu gramu 100 yana kama gramu 21 hadi 24 za protini, na yakiliwa pamoja na nafaka hukamilishana. Makande yalijua hilo zamani. Madini ya chuma ya kwenye mimea hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama, na chai ya rangi inayoshushia chakula huongeza shida hiyo. Chai isogezwe mbele saa moja au mbili, na chakula kiandamane na limau, pera au chungwa. Vitamini B12 haimo kwenye mimea. Anayekunywa maziwa na kula mayai huipata, asiyegusa vyote viwili lazima ameze vidonge au ale vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Anayekuambia vinginevyo anakuhatarisha, hata akiwa upande wangu.

Mimi maziwa bado nakunywa, na mayai nala ya kuku wanaotembea uani. Wapo wanaosema basi huruma yangu ina mipaka na haina maana. Ina mipaka, ndiyo. Kila wema wa binadamu unayo. Anayedai nikamilike ndipo anisikilize, nasi tumdai vivyo hivyo katika sadaka zake, kwa ndugu zake na kazini kwake. Na yule anayesema mimea nayo ina uhai anajua vizuri tofauti ya kuchuma mchicha na kukata koo la mbuzi; mtoto wa miaka minne anaijua.

Kuna watu wawili ambao hoja yangu haiwagusi. Wa kwanza ni mfugaji wa nyika kavu, Turkana au Simanjiro, ambako mvua hailei shamba na mnyama ndiye anayeyageuza majani kuwa chakula. Yeye ana ulazima, na mara nyingi anawajua wanyama wake kwa majina na rangi kuliko sisi tunavyowajua jirani zetu. Wa pili ni mtoto mdogo wa nyumba yenye uhaba. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, ndiyo iliyo vibaya zaidi. Mtoto huyo akipata yai, ale. Lakini asitumiwe kama ngao na mtu mzima wa Sinza mwenye kilo ya nyama choma mbele yake. Kilo ile haikwenda Njombe, na kuiacha hakumpunguzii mtoto yule chochote.

Kwa hiyo nawaomba mnaokaa kwenye vikao vya arusi mwezi huu: kwenye orodha ya chakula ongezeni sufuria moja isiyo na nyama, yenye upawa wake, na msimuulize mtu kwa nini anaijongelea. Na ninyi mnaosema ni uzungu, leteni hoja inayomhusu mnyama. Nipo tayari kuisikiliza.